Ijumaa Saa Saba, Uwanja wa Nakivale

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Mbarara. Jumatatu, 17 Agosti 1987, saa nne asubuhi.
Jina: Zubairi Matovu. Umri: miaka 71. Kazi: mlinzi wa uwanja wa ndege wa majani, Nakivale. Makazi: Nakivale, karibu na msikiti wa bati.

Mimi ni askari wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, nimefika Burma. Kusoma najua kidogo, lakini saa naisoma vizuri sana. Miaka tisa nimelinda uwanja ule na hakuna ndege iliyogusa hata mbuzi. Afande aulize vijiji vyote kuanzia Masha hadi Rugaaga.

Kazi yetu iko hivi. Kabla ndege haijashuka, Kezironi, mwongozaji wa ndege wa serikali hapa Mbarara, huita redio ya kambi ya wakimbizi na kuuliza kama uwanja uko wazi. Mimi nafukuza ng'ombe, natembea uwanja mzima, ndipo tunamjibu. Ijumaa saa sita hadi saa nane ndege hakuna, niko msikitini. Saa hizo wachungaji huvusha ng'ombe kwenda ziwani. Kezironi aliyaandika makubaliano hayo kitabuni mwake, mimi nikitazama.

Mnamo tarehe 14 Agosti, Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana, tulikuwa kwenye hotuba. Nilisikia ndege. Nikasema inapita. Sauti ikateremka. Nilitoka bila viatu. Gasana, mkimbizi mchungaji, alikuwa katikati ya uwanja na ng'ombe kama sitini, anapunga fimbo. Ndege iligusa chini, ikapiga ng'ombe wa mbele, ikapinduka. Burma nimeona mengi. Hili sikuliona Burma.

Rubani alikuwa amekufa. Nesi Provia, aliyekuwa analeta chanjo, alikuwa hai. Aliniambia, "Mzee, nifungulie mkanda." Nilifungua. Alikufa mikono yangu ikiwa bado kwenye mkanda.

Saa saba na nusu nilishika redio ya kambi.
"Kezironi, ulimwambia rubani nini?"
"Uwanja uko wazi."
"Nani alikwambia?"
Akasema, "Wewe, mzee. Siku ya Iddi."

Ni kweli. Siku ya Iddi nilimletea nyama hapa Mbarara. Nilimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, kila siku uwanja uko wazi, uwanja uko wazi? Kuniuliza mimi ni kunitukana. Zubairi akiwa hai, uwanja uko wazi." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda. Jumatatu iliyofuata ndege ilishuka bila Kezironi kuniuliza, na nilijisikia mkubwa.

Gasana amefungwa hapa tangu Ijumaa. Babake Provia anataka serikali ijibu kwa uzembe wa mtu wake, Kezironi. Ofisi ya ndege inasema kosa ni la ng'ombe. Ng'ombe walikuwa kwenye saa yao! Serikali ilimwajiri Kezironi aulize, haikumwajiri aamini majigambo ya mzee.

Afande amenionya: "Mzee, hayo ya Iddi sikukuuliza. Mawakili wa serikali watakubebesha wewe."
Nimemjibu: "Andika, afande. Andika na kile kicheko changu."

Nimesomewa yote, ni maneno yangu, hakuna lililopunguzwa.

(Sahihi) Zubairi M.

Maelezo ya mwandikaji: Shahidi alikataa kuweka dole gumba. Aliandika jina lake mwenyewe, ilichukua dakika nne. Aliambiwa anaweza kwenda nyumbani. Alisema ataondoka na Gasana. Saa kumi na mbili jioni bado yuko kwenye benchi.
Koplo Kyomuhendo B.