Dirisha la Bluu Lililogoma Kufunguka

Kabambare, mvua zikiendelea

Baba yangu mpendwa, na Mama yangu unayemsomea,

Nawapigia magoti kutoka huku mbali, na kama karatasi ingekuwa na mikono ningeituma iwashike miguu. Mmeamkaje huko Kasongo? Baba, mgongo wako unasemaje na baridi hii ya mvua? Mama, presha imetulia, au bado unaongeza chumvi kwenye mboga ya sombe mtu akigeuka? Mihogo ya shamba la chini imeota, au nguruwe wa porini wamewatangulia? Sisi huku tuko wazima, tunakula, tunalala, tunacheka.

Mama, mistari inayofuata usisome kwa sauti. Mwambie Baba unapumzisha koo. Mama, nina furaha mpaka naona haya. Jioni mume wangu Amuri akifunga duka, natambua hatua zake angali kwa jirani, na moyo wangu unafanya fujo kama kuku aliyesikia mtama ukimwagwa. Ameandika jina langu kwa chaki kwenye ukuta wa duka, nyuma ya katoni za sabuni, pale wateja wasipoona. Nilipoligundua nikamuuliza ni la nini. Akasema ni la kumsaidia asikasirike watu wakiomba chumvi kwa mkopo. Ningeweza kuandika hivi mpaka wino uishe, lakini najua Baba ameanza kukohoa. Haya, endelea kwa sauti.

Baba, barua hii ni kwa sababu ya madirisha yako uliyotuchongea. Ningekupigia simu, lakini mtandao wa huku unapatikana kilimani tu, tena neno la tatu linakatika, na jambo hili halitaki kukatwa. Nataka ulisikie lote mpaka mwisho, kwa kuwa limeisha vizuri.

Unakumbuka siku ya kuondoka kwetu, madirisha yote mawili yakiwa yamefungwa ubavuni mwa pikipiki, moja huku, moja kule, pikipiki ikawa kama bata anayetaka kuruka. Nililia, nikakuuliza utakuja lini kuniona. Wewe ukakaza kamba mara nyingine, ukasema wewe si mzee wa kuzurura kwa wakwe kula wali wa bure, unakwenda panapo kazi. Maneno hayo nilikuja nayo njia nzima, kwenye matope yote, na nilikuwa nimenuna kidogo.

Nyumba yetu ni nzuri, Baba. Amuri aliijenga kwa matofali ya kuchoma wakati bado anachimba dhahabu pande za Lusangi, kabla ya kufungua duka. Madirisha yako yaliingia kama yalizaliwa pamoja na kuta. Moja tuliliweka chumba cha wageni, la pili sebuleni, upande wa barabara inayokwenda Kasongo. Yalifunguka kwa kidole. Majirani walikuja kuyafungua na kuyafunga bila sababu yoyote.

Ndipo Amuri, kwa kunipenda, akanunua rangi. Alichagua bluu, kwa kuwa kitenge changu cha harusi kilikuwa bluu. Akapaka mbele, nyuma, pembeni, kila penye mbao, mara ya kwanza na mara ya pili, akafunga madirisha ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Usiku huo mvua za kwanza zikafika. Baba, wewe umeshaelewa, nakuona unavyotikisa kichwa. Mbao zilikunywa maji zikavimba, rangi ikaganda katikati ya mbao na fremu kama ulimbo, na asubuhi nyumba yetu ilikuwa haina dirisha hata moja. Ilikuwa na picha za madirisha, za bluu.

Mwanzoni tulicheka. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana kwa taa, naye anasema uso wangu kwa taa unapendeza zaidi. Mama, mstari huo nao ungeuruka. Lakini kicheko kilikwisha siku alipokuja mtu kutoka Wamaza na habari kwamba mama mkwe wangu anakuja Ijumaa kuona nyumba na kulala kwetu.

Mama mkwe ana kifua. Moshi wa jikoni wa miaka mingi umemkaa ndani, na hawezi kulala penye dirisha lililofungwa, hata mvua inyeshe namna gani. Zaidi ya hayo, kabla ya harusi alikuwa hanitaki. Hakunificha. Alimwambia mwanawe mbele ya watu kwamba binti wa mji wa Kasongo hatamfungulia hata dirisha apumue. Nililikumbuka neno hilo nikilitazama lile dirisha la chumba cha wageni. Ningemwelezaje? Angesema mvua ni kisingizio, angerudi Wamaza na ushahidi wake, na mimi ningebaki na jina hilo maisha yangu yote.

Nikamwambia Amuri tulisukume, tulitoe, tulipige randa. Hapo ndipo nilipomjua mume wangu. Alikataa. Alisema kazi ya mikono ya mkwe haipigwi nyundo wala haipitishwi chuma, ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha, na anayemnyolea mkwe wake mbao ni sawa na anayemnyoa ndevu. Nikamwambia basi tumwite fundi wa hapa. Akasema hilo ni baya zaidi, kwani fundi atatembea Kabambare nzima akitangaza kwamba mkwe wa Amuri ametengeneza madirisha yasiyofunguka. Akapanda kilimani kwenye mvua ili akuombe ruhusa kwa simu. Simu yako ilikuwa imezimwa, Baba. Najua iko ndani ya kabati, betri haina moto, kama kawaida. Akarudi amelowa mpaka soksi.

Siku hiyo hatukusemezana. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kununiana, na ndani ya nyumba yenye giza kununa ni kugumu sana, kwa sababu mwenzako hakuoni unavyonuna. Nikaenda chumbani kutoa shuka la kumtandikia mama mkwe, nikafungua sanduku langu la harusi, nikashusha mkono katikati ya vitenge. Nikashika kitu kigumu, kimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta.

Randa yako ndogo.

Baba, nilikaa chini. Ile ile yenye mpini uliopasuka, uliyoifunga waya, niliyokuwa nakuletea nikiwa mdogo na wewe unaniambia niibebe kama mtoto mchanga. Hukuniambia neno. Uliiweka kwenye sanduku langu mimi, hukumpa Amuri mkononi. Nikatoka nayo sebuleni, nikamwambia mume wangu, "Wewe ni mkwe wake. Mimi ni mtoto wake. Mimi nitamnyoa."

Alitazama randa, akanitazama mimi, halafu akaanza kucheka kidogo kidogo, na mimi nikashindwa kuendelea kununa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulifungua lile la chumba cha wageni. Nikasukuma kwa bega, dirisha kimya. Nikasukuma tena, kimya. Amuri amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni kama mtu aliyefungwa kamba, anateseka. Kisha akapata wazo. Alisema dirisha hawezi kuligusa, lakini hakuna mzee aliyewahi kumkataza kumsukuma mke wake. Basi, yeye akanisukuma mimi, na mimi nikasukuma dirisha. Tulihesabu pamoja, tukajitupa kwa nguvu zetu zote mbili. Rangi ikapasuka kwa kishindo, dirisha likafunguka lote mara moja, na binti yenu akatoka nje hadi kiunoni, kilemba kikaanguka kwenye matope. Kama Amuri asingenishika, ningekifuata.

Mama Feza, jirani yetu, alikuwa anapita na beseni la mihogo kichwani. Alisimama, akanitazama nikining'inia pale.

"Bibi harusi," akasema taratibu, "mulango wenu umepotea?"

Nikamjibu tulikuwa tunapima upepo. Akasema vizuri, tukimaliza kupima tumwite aje aone upepo huo, maana kwake mume wake hajampima upepo tangu mutoto wa kwanza. Mpaka leo akinikuta kisimani ananisalimu hivyo: upepo haujambo?

Baada ya hapo nilifuata njia yako, Baba, nami naieleza ili unisahihishe. Nilitoa pini za bawaba, tukalishusha. Sikulipiga randa papo hapo. Nilikumbuka ulivyokuwa unagombeza wanafunzi wako, kwamba anayepiga randa mbao yenye maji atalia kiangazi, dirisha likiwa limesinyaa na upepo unapita pembeni. Nililisimamisha jikoni, mbali kidogo na mafiga, nikiligeuza kila nilipogeuza bugali, lipate joto bila kupinda. Tulipika na kula mbele yake kama mgeni. Lilipokuwa jepesi mkononi, Amuri akachukua kisu akaanza kukwangua rangi ya pembeni. Nikamuuliza imekuwaje leo anagusa. Akasema rangi ni yake, aliinunua mwenyewe, na akifika kwenye mbao anasimama. Na kweli, Baba, alikuwa anasimama. Aliondoa bluu yake yote ya pembeni bila kukuchuna hata uzi mmoja.

Nikapaka makaa kwenye fremu, tukalirudisha, tukalifunga na kulifungua polepole. Palipopata weusi ndipo palipokuwa panakwaruza: pembe ya juu, na ubavu wa chini karibu na bawaba. Nikapiga randa hapo tu, kidogo kidogo, Amuri amelishikilia huku uso ameugeuzia ukutani kwa adabu. Anashika kwa nguvu, haangalii. Maranda yalikuwa yanamwangukia miguuni naye anauliza, "Bado? Bado?" kama anayetolewa mwiba. Tundu la skrubu moja lilikuwa limelegea, nikalijaza vijiti vya kiberiti nikaikaza tena. Pembeni nikasugua mshumaa, bawaba nikazitia tone la mafuta ya mawese. Pale palipobaki mbao tupu, Amuri alipaka rangi nyembamba, naye safari hii aliliacha wazi mpaka likauke, analilinda kuku wasiliguse.

Ijumaa mama mkwe alifika, nguo zake zimejaa tope la njia. Nilimpokea mzigo, nikampa maji. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha wageni, akasimama mbele ya dirisha, nami nyuma yake sipumui. Akalisukuma kwa kidole kimoja. Likafunguka bila sauti. Akalirudisha, akalisukuma tena. Harufu ya mvua ikaingia.

Akamuuliza Amuri ni fundi gani aliyelitengeneza. Amuri akasema lilitengenezwa na mkwe wake na likarekebishwa na mke wake, yeye alishika tu. Mama mkwe akanishika mkono, akaugeuza, akaona lengelenge la randa kwenye kiganja. Asubuhi alitoka chumbani amepumzika, macho maangavu, akalalamika jambo moja tu, kwamba kuku wangu waliingia dirishani wakamwamsha. Halafu akaniita "mwanangu". Mama, nilikwenda jikoni nikalia juu ya chai.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Baada ya chai alikwenda kufungua dirisha la sebule ili atazame barabara. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Akasukuma kwa kidole, akasukuma kwa kiganja, akasukuma kwa nyonga. Likakaa vilevile. Niliona aibu, nikakimbia kuleta randa, nikamwambia asubiri, nalitoa sasa hivi. Yeye akaketi, akauliza baba yangu ameshafika hapa mara ngapi. Nikamwambia bado, na nikamweleza ulivyosema siku ile, kwamba unakwenda panapo kazi.

"Weka hiyo randa chini, mwanangu," akasema. "Madirisha yote yakifunguka, yeye atakuja huku kufanya nini?"

Amuri alicheka mpaka akatoka nje. Mimi niliirudisha randa kwenye vitenge.

Nawaomba mnisalimie Bibi, mwambieni kitanda alichosuka hakijalegea hata kamba moja. Msalimieni shangazi Bahati aliyenifundisha kupika, bugali langu sasa halina madonge, au Amuri anayameza bila kusema. Mdogo wangu Yusufu aache kukalia benchi la karakana wakati gundi haijakauka. Salamu kwa jirani yetu mshona nguo, na kwa wanafunzi wote wa Baba. Mama mkwe amebaki kwetu, anawasalimu, na amesema atakayekuja atamkuta. Amuri anapiga magoti mbele ya mkwe wake na anaomba radhi kwa rangi.

Anayeleta barua hii ni dereva mwenye pikipiki nzuri na mkono mtulivu, anarudi Kabambare baada ya soko, na kiti chake cha nyuma tumeshakuombea. Usibebe randa, ipo hapa. Dirisha la sebule limefungwa, hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa, na mimi naangalia barabara nikiwa mlangoni.

Baba, huku kuna kazi.

Binti yenu mwenye lengelenge na furaha,
Aziza, mke wa Amuri