Fiwi Kwenye Udongo Mweusi

Marahaba, mjukuu wangu Kulwa. Huku Kishapu tuko wazima, mama yako anakusalimu. Umeuliza kama upande fiwi, zile kunde za malisho, pamoja na nyasi za ng'ombe hapo Geita.

Nilipoolewa nilimwambia baba mkwe, "Baba, udongo huu mweusi hushika maji, fiwi zitaoza. Tupande kwenye udongo wa kichanga."

"Mkamwana hanifundishi shamba langu," akajibu.

Mvua ilinyesha, fiwi zikaoza, zikabaki nyasi tupu. Kiangazi zikakauka, ng'ombe wetu wa maziwa akakosa malisho, akafa.

Mwaka uliofuata alipanda kwenye kichanga, vyote vikastawi. Akawaambia majirani, "Udongo huu naujua tangu utotoni." Nilikuwa palepale, nikiwagawia maji.

Finyanga udongo wako kwanza, uone kama unanata. Mkeo akisema neno, msikilize. Mzee alishafariki, nami sijamsamehe.

Bibi yako