Mzani Mpya wa Kreni Namba Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza ya kubadilisha mzani wa kreni namba mbili na tayari nimechoka. Ndiyo kreni inayobeba ndoo ya chuma kilichoyeyuka kutoka kwenye tanuri hadi kwenye kalibu kinamomiminwa. Mzani wake ulifungwa mimi nikiwa darasa la tatu. Nimefungua sanduku la nyaya: nyaya sitini, zote nyeusi! Hata mmoja hauna alama. Aliyezifunga, Mzee Waya, alistaafu zamani. Mchoro? Stoo wamenipa wa kreni namba moja. Nikawaambia siyo huu. Wakasema zinafanana.

Meneja wa uzalishaji — tunamwita Bwana Tani, maana hana neno lingine — amepiga simu mara sita kuuliza kama nimemaliza. Nimalize nini? Sijajua hata waya wa kuanzia!

Jumanne, 5 Machi

Boliti zimeshikana na kutu. Dereva wa kreni ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa ananiangalia kutoka juu, akanicheka kwenye redio: eti nizibembeleze, zitalegea. Nimebembeleza kwa nyundo na tindo mpaka saa tisa.

Vihisi vipya vya uzito vimefika. Viwili. Kimoja tundu lake ni dogo kuliko boliti. Nani aliagiza? Hakuna. Kimejiagiza.

Alhamisi, 7 Machi

Umewaka! Tundu tumelitanua karakana, nyaya nimezipata moja moja, mzani mpya unasoma. Wa zamani nimeuacha hai kando yake, nilinganishe. Wifi akainua ndoo ikiwa imejaa.

Wa zamani: tani 38. Mpya: 44 na nusu.

Na ubavuni mwa kreni, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango: MWISHO TANI 40.

Bwana Tani hakusita hata kidogo. "Mzani wako mbovu." Nimekagua nyaya zote sitini upya. Sijaona kosa.

Ijumaa, 8 Machi

Niliomba mawe ya mizani, kumi, ya tani moja moja, yale yenye mhuri. Stoo wakasema yako karakana. Karakana wakasema yako stoo. Nimeyakuta nje ya choo, watu wanayakalia!

Tumeyainua yote kumi. Mpya: 10.0. Wa zamani: 8.5. Nikarudia mara tatu nikiomba Mungu nimekosea mimi. Sikukosea. Nikaufungua wa zamani: skrubu ya kurekebishia namba imezungushwa mbali na alama yake. Kwa hiyo miaka yote hii ile ndoo imekuwa ikipita juu ya vichwa vya watu wa kalibu, imezidi uzito, na mzani unasema shwari. Na mimi napita pale chini kila siku kwenda kunawa mikono.

Jioni wifi alipita nyumbani. Nikamweleza. Akawaka. "Miaka kumi na moja naibeba ile ndoo, leo uniambie sijui ninachobeba?" Nikamwambia si wewe, ni mzani. Hakusikia. Mume wangu akainuka kutafuta miwani — iko usoni! Wifi ameondoka chai ikiwa nusu kikombe.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Waya. Nilimkuta anapaka rangi geti lake. Nikamwamkia, nikamwambia, mzee, skrubu ya mzani wa namba mbili imezungushwa na mtu. Akapaka kipande kirefu.

Halafu akasema. Mwaka ule ndoo ilijengwa upya ndani kwa matofali mazito zaidi, king'ora cha uzito kikawa kinalia kila inapoinuliwa. Kazi ikasimama siku mbili. Msimamizi wa zamu akamwambia aupunguze mzani kidogo, wiki moja tu, kreni kubwa inakuja.

"Haikuja," akasema.

Msimamizi huyo ni nani?

"Si ndiye meneja wenu sasa."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nikaona rangi inadondokea viatu vyake, wala haoni. Nikaaga tu.

Jumapili, 10 Machi

Wifi amepiga simu. Hata salamu hakuna. Eti akishusha ndoo ikiwa imejaa, breki zinateleza. Tangu lini? Tangu mvua zilizopita. Kiasi gani? Shubiri mbili, siku nyingine tatu. Sasa mbona hukumwambia mtu?

"Nilidhani ni mkono wangu unazeeka."



Jumatatu, 11 Machi

Taarifa yangu: kurasa nne, vipimo vyote, breki pia. Bwana Tani amesoma ukurasa wa kwanza, akaikunja, akaitia mfukoni. Hata hakukasirika! Anaongea kama anayekushauri dawa ya mafua: rekebisha mzani mpya ulingane na wa zamani, watu wameshazoea namba zile. Nikamwambia basi chuma kipunguzwe tani sita mpaka breki zikaguliwe. Akasema tanuri halijui kupunguza. Nikamuuliza, bosi, unaikumbuka ile skrubu?

Akaweka kalamu chini. Taratibu.

"Nipe namba ya siri ya mzani, utoke."

Nimetoka. Namba sijampa. Anayo mtu mmoja tu hapa kiwandani — ni mimi.

Jumanne, 12 Machi

Naandika hapa hapa, chumba cha mizani, daftari juu ya goti, mikono ipate kazi. Asubuhi Bwana Tani ameamuru ndoo ijazwe kama kawaida. Imejazwa. Chuma kinangoja, na chuma hakingoji sana — kikiganda humo ndoo ndiyo basi. Nimemwambia wamwage tani sita kwenye shimo la dharura, liko wazi, ni kazi ya dakika kumi. Akasema nikisema tena neno moja nikachukue vitu vyangu.

Dirishani namwona wifi. Amefika katikati ya ngazi ya kreni, kofia kichwani, amesimama. Hapandi, hashuki. Msimamizi wa zamu ya leo anampungia mkono apande. Watu wa kalibu wameacha makoleo, wote wanamtazama. Mmoja amesogea kutoka chini ya njia ya ndoo. Sasa wawili. Sasa wote wanasogea!

Redio imekoroma. Ni yeye.

"Wifi. Ndoo ikijaa, mzani wako unasoma ngapi?"

Kila mwenye redio kiwandani amesikia. Bwana Tani anakuja huku mbio, ananyoosha mkono wa kudai redio, mlango ameshaufungua — nimebonyeza redio, nasema: arobaini na nne na nusu.