Bomba Lililonyooshwa

Jumatatu, 7 Machi 1977
Moroni joto kama tanuri. Naandika Kiswahili cha Unguja nilikozaliwa — Salimou akilikuta daftari hili, atafute mkalimani!

Salimou ni mkuu wa kamati ya vijana wa mapinduzi hapa ofisini. Kalamu tatu mfukoni, wino hakuna. Leo kakagua kiyoyozi. Kaiona kona ya bomba la kutolea maji: linashuka, linapanda, linashuka tena. Mizunguko ya kikoloni, kasema. Linyooshwe! Mimi fundi nikamweleza: kona hubaki na maji kidogo, maji hayo huzuia hewa. Bila kona, feni itavuta hewa bombani, maji yatashindwa kutoka. Akaniuliza kama napinga mapinduzi.

Nimelinyoosha.

Jumatano, 9 Machi
Sinia la kukingia maji ya kiyoyozi limefurika. Maji yamepenya dari mpaka masjala, juu ya rejista zote za Wafaransa. Salimou naye kapata yake, utosini, katikati ya hotuba. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 10 Machi
Amri ya serikali: makaratasi yote ya Wafaransa yachomwe hadharani kesho kutwa. Wamejaribu kuchoma rejista moja iliyolowa, uani. Petroli iliwaka, ikaisha. Rejista ikafuka tu, kama chungu cha ubwabwa!

Salimou kaniita "fundi" kwa adabu, mara ya kwanza. Rudisha kona, masjala ikauke. Nikasema kona hakuna, mpaka ije kutoka bandari ya Mutsamudu, kisiwa kingine. Uongo mtupu. Ninazo tatu chini ya kitanda.

Ijumaa, 11 Machi
Bahia, mpiga chapa wetu, kanifuata ngazini. Hati ya nyumba ya mama yake huko Mutsamudu imo katika rejista ile kubwa. Nyumba ya wanawake wa kwao tangu bibi wa bibi — na ami yake anaitaka. Nikamwambia achomoe ukurasa, aende zake. "Kurasa zimegandana, kaka Assoumani. Nikivuta, hati inachanika. Mpaka zikauke."

Zikikauka, zinachomwa! Nimecheka peke yangu. Halafu sikucheka.

Jioni nimeirudisha kona bombani. Maji yanatoka nje, safi kabisa.

Jumamosi, 12 Machi
Asubuhi. Masjala baridi, kavu kiasi. Bahia kapiga magoti, anabandua kwa kisu cha siagi. Mimi nimeegemea mlango, naandika. Nje wanaimba. Petroli nainusa hapa.

Salimou anabisha. Fundi, zimekauka?

Bado, nimesema. Bado kidogo.

Anauliza mbona mlango umefungwa. Bahia kafika nusu ya ukurasa wa mama yake —