Chembe za Pembeni

Jumatatu, 10 Februari 2025
Ini imepasuka tena! Ile ini ya mu ordinateur, ini ya kompyuta tu, yenye mimi na bwana yangu Bahati tunatengeneza, juu banafunzi ba udaktari bajifunze kukata bila kuua muntu. Ni chembe, chembe elfu na elfu. Kila moja inasikia majirani yake ya karibu tu. Za katikati zinatulia. Za pembeni zinakosa majirani upande moja — zinaruka. Kisha courant ya umeme ikakatika. Bahati alicheka. Mimi hapana.

Jumatano, 12 Februari
Goma ilianguka mu mikono ya baasi, sasa banasema Bukavu iko karibu. Huku kwetu kusini, ku soko bamama banasema bantu ba Mashariki ni bandugu ya baasi. Bahati ni muntu wa Butembo, kule Mashariki. Asumani, mwenye anatuuzia ini ya mbuzi tunayofinya kwa kupima ulaini wake, aliniambia polepole: bwana yako asiongee mingi mu taxi, lafuzi yake inasikika.
Naogopa.

Ijumaa, 14 Februari
Bahati amepata dawa. Ameweka chembe za uongo inje ya ini, majirani ya bandia, zishikilie zile za pembeni. Nilikata na souris ya ordinateur: ini ikafunguka, ikabaki nzima. Myaka yote ile tulingojea hii. Lakini asubuhi chef wa labo, mukubwa wetu wa kazi, alimwambia asikuje kwanza, mpaka hali itulie. Tulikula ini ya mbuzi na bukari ya unga wa muhindi.

Jumapili, 16 Februari
Bukavu nayo imekwisha. Kutoka misa nilisalimia Mama Albertine, jirani yetu wa ukuta moja. Hakuitika. Yeye njo alipika bukari ya ndoa yetu! Ilinikata maini.
Nilimwambia Bahati tukimbie Kilwa, ile yetu ya ku ziwa, kwa dada yangu. Anasema: barabara gani, na barrage ngapi za askari?

Jumanne, 18 Februari
Bavijana ba quartier bako ku mulango. Naandika juu sijui mikono ifanye nini. Banauliza Bahati: nani anakujua hapa? Anasema muulize Mama Albertine. Bamemwita. Amefika, kitenge begani. Banamuuliza: huyu unamujua?
Ananiangalia mimi, hapana yeye.
— Bibi yake, ndiyo, namujua.
Banamwambia atoke nabo. Bahati iko anavaa viatu