Nyumba Iliyovuka Bila Mgongo

Bandari ya Clement,
Newfoundland.
9 Septemba 1967

Mpendwa mjukuu wangu Garland,

Hujambo, mume wangu mdogo? Maureen na mtoto hawajambo? Unakula, au huko Toronto ni chai na sigara tu? Mimi miguu imevimba, lakini mdomo mzima. Mwandiko huu ni wa jirani yangu Drusilla. Maneno ni yangu.

Umeuliza babu yako Azaria alitutokaje. Nitakwambia, ila usisomee kazini ukaja kuanguka ghorofani.

Serikali ilipotuhamisha kutoka kisiwani kuja huku, nyumba tuliivusha majini, imefungwa mapipa matupu ielee, mashua zikiivuta. Wanaume wakasema sehemu ya nyuma italemea, ikatwe. Unaijua: pale paa lilipoteremka kutoka juu kabisa hadi begani kwa mtu, na chini yake jiko na mlango wa nyuma. Azaria aliijenga baba yako alipozaliwa. Akashika msumeno, akaikata mwenyewe. Hakutaka mkono wa mwingine.

Nyumba ikafika salama, na mlango wa mbele tu. Nawe unajua, kwetu mlango wa mbele ni wa pasta na jeneza tu. Majirani wakawa wanasimama nje, tunaongea dirishani. Kule kisiwani nani aliwahi kunibishia hodi?

Babu yako akakataa kuufungua. Kiangazi kizima akaingilia dirishani. Mdogo wake Selby akamtania: "Kaka, umekuwa mwizi kwako mwenyewe?"

"Mwizi aibe nini humu? Huyu bibi mwenyewe habebeki."

Nikamwambia, Azaria, tuufungue tu, tutavunjika viuno. Akasema, "Nitaupita, Dorcas. Mara moja tu." Nilimtukana kila siku, na kila siku nikapanda nyuma yake, na mwili wangu huu, akinivuta mkono.

Jumatano moja alilala baada ya chai, hakuamka. Mlango wa mbele ulikuwa umekwama. Selby akausukuma kwa bega, ndipo jeneza la babu yako likatolewa.

Nimeufunga tena. Dirishani sasa hakuna wa kunivuta.

Garland, wewe ni fundi. Njoo kabla ya theluji. Mbao za ile sehemu ya nyuma zimebaki kisiwani, Selby atakupeleka. Literemshe lile paa hadi begani, unifungulie mlango wa nyuma. Nataka mtu aingie bila hodi, aketi karibu na jiko langu, kabla zamu yangu ya ule wa mbele haijafika.

Msalimie Maureen, mbusu mtoto. Selby na Drusilla wanakusalimu. Mungu akushike huko juu unakofanyia kazi.

Ukifika, pita dirishani. Mimi ndiye nitakayekuvuta.

Bibi yako akupendaye hata ukikawia,
Dorcas