Baba ya ile léporide

Solange, mi niko nakufa na haya. Nilipikia baba mukwe ile lapin, sungura ya nyumbani, ya Eloge mufugaji. Akakula vizuri, mi nikaanza kujisifu.

Nikasema: papa, hii si lapin ya bure, jina yake léporide, Eloge anasemaka ni mutoto ya lapin na sungura ya pori.

Sungura ya pori. Kwao ni mwiko, Solange, ukoo muzima haikulake, na mi nilisahau.

Akarudisha nyama kwa sahani.

Akauliza: "Mutoto ni wa ukoo ya baba. Baba yake nani?"

Nikasema lapin, papa. Mama ndiye sungura.

"Basi ni lapin. Ongeza muchuzi."

Sasa ametuma baite Eloge, amushukuru. Na Eloge anaambiaka muji muzima wa Baraka kwamba baba ya léporide ni ile sungura ya pori. Kimbia, umufikie Eloge wa kwanza, aseme baba ni lapin.